Hajafika, Hakufika

Nyinyi walimu mliobaki chumba namba nne mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Neno kubwa hilo. Mimi nilichonacho ni kamba ya kuanikia nguo, vibanio arobaini vya mbao, na aibu moja ambayo bado hunichoma nikiwa naosha vyombo. Kamba na vibanio nimewaachia kwenye kabati la chini, upande wa kushoto. Aibu ndiyo hii, na nitaifikia kwa mpangilio, maana sikuzoea kuanza somo katikati.

Kihispania nilijifunza Salamanca, Uhispania, nikiwa msichana wa kutoka Voi ambaye hajawahi kuona theluji. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja, don Anselmo, aliyefunga tai hata kwenye joto la Julai. Kila asubuhi alikusimamisha mlangoni na kukuuliza kama umekula. Ukijibu "desayuné", yaani nilistaftahi, alikurudisha nje ukabishe hodi upya. "Asubuhi ya leo haijaisha, señorita," alisema. Jambo la leo lilitaka "he desayunado", kama sisi tunavyosema nimekula. "Desayuné" ilikuwa ya jana na juzi, kama nilikula yetu. Nilirudishwa nje mara tisa. Mara ya kumi nikapita, na tangu siku hiyo nikajiona nimeshika ufunguo wa lugha nzima.

Nikafundisha Nairobi miaka mingi, mpaka mwaka 2015 mume wangu alipopata kazi Sandton, Johannesburg, nami nikaja kutafuta darasa. Nililipata Doornfontein, ghorofa ya pili, juu ya saluni. Siku ya kwanza lifti ilikuwa imelala kwa sababu ya mgao wa umeme, nikapanda ngazi na begi la vitabu mpaka magoti yakalia. Juu alinipokea mwenye shule, Graciela, mjane wa Buenos Aires, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka barabara.

"¿Ya desayunaste?" akaniuliza. Umeshakula?

"Sí, he desayunado," nikajibu, na ile "he" nikaikaza makusudi ili ajisahihishe.

Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Mungu wangu," akasema kwa Kihispania chake cha kuimba, "nimeomba mwalimu, wameniletea mfalme wa Uhispania kavaa sketi."

Ndivyo tulivyoanza. Kwao Buenos Aires, aliyekula leo na aliyekula mwaka juzi wote wanasema "comí", basi. Ile "he comido" wanaijua vitabuni, kama mtu anavyojua suti ya harusi iliyo kabatini. Miaka mitano tulibishana. Yeye akisema, "Prisca, mpenzi, wanafunzi wako wanaenda Lima, Bogotá, Buenos Aires. Nani anaenda Salamanca?" Mimi nikisema sarufi ni sarufi. Tulibishana tukigawana chai kwenye birika moja, na siku asipokuja, chai haikuwa na ladha. Leo nakiri: nilimpenda yule mama, na sikuwahi kumwambia.

Sasa kamba. Niliifunga kutoka msumari wa dirishani hadi bawaba ya mlango. Dirishani ni leo, mlangoni ni zamani. Kadi za vitenzi nilizikata kwenye maboksi ya nafaka, mwanafunzi anatoa sentensi, anakwenda kuibana mahali pake. "Nimekula" karibu na dirisha. "Nilikula" huko kwenye mlango. "Nilikuwa nakula", ile "comía" inayowasumbua wengi, haibanwi na kibanio kimoja, inatandazwa kwa viwili kama shuka, kwa sababu ni jambo lililokuwa likiendelea. Msitumie vibanio vya plastiki. Hufyatuka, na darasa zima hucheka hadi saa inakwisha.

Wenzetu waliolelewa kwa Kiswahili waliipata haraka. Lugha yao ilishawafanyia nusu ya kazi. Wanafunzi wangu Wazulu nao wakanionyesha kwamba kwao kuna jana ya karibu na jana ya mbali, wakasogeza kadi zao kwenye kamba bila kuniuliza. Aliyepata taabu ni yule aliyekuja na Kiingereza peke yake.

Penye mtego nilipaonyesha pia, nisije nikasemwa. Vitenzi vinavyoishia na -ar vina ujeuri wao. Ukisema "sisi", wakati uliopo na wakati uliopita huvaa nguo moja. "Esperamos" ni tunasubiri, na "esperamos" ni tulisubiri. Mwanafunzi akiuliza atajuaje, nilimjibu kama don Anselmo alivyonijibu: sentensi iliyotangulia itakuambia. Nililisema hilo miaka thelathini kwa ulimi mwepesi.

Mtego wa pili ni alama ya mkazo. Alikuwapo Bwana Mutua, Mkenya mwenzangu, mtu wa benki huko Sandton, anakuja na treni ya kasi na viatu vinavyong'aa. Ripoti yake ilikuwa imefika Jumatatu, akataka kuwaambia wenzake wa Lima "llegó el lunes", ilifika Jumatatu. Akaandika "llego" bila alama. Hiyo ni "nafika". Wale watu wakatuma dereva uwanja wa ndege na bango lenye jina lake. Mutua alinichapishia picha ya bango akaileta darasani. "Mwalimu," akasema, "kale kamstari kamenisafirisha hadi Peru nikiwa nimekaa kwenye kiti changu." Tuliibandika ukutani. Kama haijaondolewa, iacheni.

Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa bado sijajua kwamba kitenzi hicho hicho kinanisubiri.

Mlinzi wa jengo letu alikuwa Kizito, Mkongomani wa Bukavu, mtu mpole wa mabega mapana. Mkewe, Mama Riziki, alisuka nywele kwenye saluni ya chini. Binti yao Riziki alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Unamsalimu kwa Kiswahili, anakuelewa barabara, anakujibu kwa Kiingereza cha mtaani, "Sharp, teacher." Kizito kwao alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, fundi wa kweli, lakini hapa mikono yake ilikuwa inafungua na kufunga geti tu. Mwaka 2017 rafiki yake wa zamani aliyekuwa Buenos Aires alimtafutia nafasi kwenye karakana ya nguo, penye mashine zaidi ya ishirini na hakuna wa kuzifungua. Kizito akaja kwangu Jumamosi asubuhi, kofia mkononi.

"Mwalimu, miye sitafuti kuwa profesa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho watu huitwa batu. "Nataka tu kusikilizana na batu."

Nikamfundisha miezi minane. Nikamfundisha "he llegado", nimefika, na si "llegué". Graciela akipita mlangoni alitikisa kichwa. "Unamvalisha koti la baridi mtu anayekwenda kwenye jua," alisema. Nikamfungia mlango.

Kizito akaondoka mwezi Machi. Ndege hadi São Paulo, kisha basi hadi Buenos Aires, siku mbili njiani. Alitarajiwa Jumanne kwenye nyumba ya kupanga ya mama mmoja, doña Elvira, aliyekuwa amemwekea kitanda. Jumanne ikapita kimya. Jumatano simu yake haipatikani. Alhamisi jioni Mama Riziki alipanda ngazi, macho mekundu, akaniomba nimwandikie yule mama wa Buenos Aires. Nikaandika kwa simu yake, kwa Kihispania kilichonyooka kama rula, kuuliza kama Kizito amefika.

Ijumaa asubuhi, hata sijavua koti, Mama Riziki alikuwa mlangoni kwangu na simu kwenye viganja vyote viwili, kama mtu aliyebeba yai. Jibu lilikuwa limeingia.

"No llegó. Lo esperamos."

Maneno manne. Nikayasoma kama don Anselmo angeyasoma. Kama angekuwa bado anatazamiwa, ingekuwa "no ha llegado". "No llegó" ilikuwa imefungwa, imekwisha, iko kule mlangoni mwa kamba. Na sentensi iliyotangulia, si ndiyo inayokuambia ya pili? Basi "esperamos" nayo ikawa ya zamani.

"Anasema nini, Mama Mwalimu?"

"Hakufika," nikasema. "Walimsubiri."

Hakulia. "Balimungojea," akasema polepole, "kisha bakaacha?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Ndivyo alivyoandika."

Mtaniuliza kwa nini sikupiga simu. Namba ilikuwa pale pale, na lugha ninayo. Sikupiga kwa sababu nilijiona nimeelewa. Hilo ndilo jibu, na nimelitafutia lingine la heshima zaidi miaka yote hii bila kulipata.

Nikamshika mkono tukateremka. Alifika saluni akakaa sakafuni, kwenye nywele za watu zilizokatwa, akavua kitambaa cha kichwa. Wenzake hawakuhitaji kuambiwa. Mashine za kukaushia nywele zilizimwa moja moja. Mteja mmoja alilipa akaondoka na nusu ya kichwa kimesukwa, hakulalamika. Kufikia saa nne viti vilikuwa vimetolewa nje, godoro limeletwa kutoka ghorofani na kutandikwa chini, na wanawake wa kanisa lao wameanza kuingia na vitenge vimefungwa kiunoni. Mmoja alianza wimbo wa matanga kwa sauti ya chini. Mtu akaenda shuleni kumchukua Riziki. Aliingia na begi lake mgongoni, akaangalia godoro, akamwangalia mama yake, akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akaniambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiongea Kiswahili chake kwa hiari, "Papa iko wapi?"

Mimi, mwalimu wa lugha, nikainama nikamvua begi mgongoni.

Graciela alikuwa kwa daktari wa meno. Alirudi saa tano, shavu limevimba, akasimama nje ya saluni akiangalia viti. "Nani kafa?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akanyoosha mkono apewe simu. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akanishika kiwiko na kunivuta hadi chini ya ngazi, na ganzi ya daktari ikiwa bado mdomoni akaanza kunikaripia hata mate yakaruka.

"Prisca! Hakuna aliyekufa! Huyu mama anasema mtu bado hajafika na wanamsubiri! Wa-na-msu-biri! Kitanda kimetandikwa!"

"Angekuwa bado, angeandika 'no ha llegado'," nikasema. Ndiyo, nilibisha. Hata pale.

"Nani? Mama wa nyumba ya kupanga, Buenos Aires? Kwetu mtu akichelewa chakula cha mchana tunasema 'no llegó', na sahani yake iko mezani! Miaka hamsini nimesema hivyo na hakuna aliyenitandikia godoro la msiba!"

Nikakaa kwenye ngazi. Akapiga simu yeye mwenyewe, akaweka sauti kubwa. Huko kwao kulikuwa kumekucha tu. Doña Elvira aliitika kwa sauti ya mtu aliyeshika kijiko, akatuambia bila haraka kwamba mvua imekata barabara karibu na mpaka, mabasi yamerundikana, redio imesema tangu jana. Kizito hajafika. Wanamsubiri. Mchuzi ameupasha moto mara tatu. Na kwa nini, akauliza, kuna wimbo huko nyuma, ni sikukuu?

Nyinyi mliosomea ualimu mnajua namna ya kusahihisha kosa la mwanafunzi. La kwako mwenyewe, mbele ya wanawake kumi na watano wanaoimba, hakuna chuo kinachofundisha. Niliingia saluni nikapiga magoti kwenye zile nywele, uso wangu sawa na uso wa Mama Riziki.

"Mama Riziki, nimekosea. Nimekosea mimi, si yule mama. Hakuandika hakufika. Ameandika hajafika."

Alinitazama asielewe. Nilikuwa nimemchanganya kiasi kwamba maneno yangu hayakuwa tena na thamani kwake. Ndipo nikakumbuka wanavyosema kwao Bukavu, ile j yetu wao huifanya y. Kosa hilo nilikuwa nikimsahihisha Kizito kila Jumamosi, na yeye akicheka tu.

"Hayafika," nikamwambia. "Barabara imekatika. Bado hayafika. Wako wanamungojea."

"Hayafika?"

"Hayafika, mama."

Akapiga yowe, akanikumbatia hata miwani yangu ikapinda. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Wanawake wakasimamisha wimbo, mmoja akaanza kucheka, mwingine akauliza nani atarudisha godoro juu ngazi zote hizo. Riziki alikaa kwenye begi lake akasema, "Eish, Mwalimu." Sijapata kukaripiwa vizuri namna ile.

Lakini hajafika si amefika. Ijumaa ile ikaisha, Jumamosi ikapita, na darasani sikubana kadi hata moja. Nilikuwa nimempa mwanamke matumaini kwa kitenzi kile kile nilichomwulia nacho mumewe, na safari hii nilikuwa na hofu kuliko yeye. Nililala vibaya. Mume wangu aliniuliza ninanong'ona nini, nikamwambia nasali. Nilikuwa nikinong'ona "no llegó".

Jumapili, nikiwa kanisani, simu ikatikisika kwenye mkoba. Kizito alikuwa amekwama siku nne kwenye basi, chaji ya simu imeisha tangu siku ya kwanza. Mkewe alimwandikia neno moja tu, "Nimefika". Mimi aliniandikia hivi: "He llegado, Mwalimu. Nimeisema vile ulinifundisha. Hapa wote wananicheka." Nikatoka nje ya kanisa nikalia kwenye maegesho ya magari, nikiwa nimeegemea gari la mtu nisiyemjua.

Jumatatu nilifika mapema, nikaandika juu kabisa ya ubao kwa wino usiofutika, mnaouona hadi leo na kulalamika kwamba unaharibu ubao: "Nani kasema, na ni wa wapi?" Sasa mnajua ulitoka wapi. Nikafunga kamba ya pili chini ya ile ya kwanza, ya Graciela, yenye kadi chache na nafasi kubwa. Aliiona asubuhi hiyo hiyo. Alikwenda akachemsha chai, akaniletea kikombe, akaniuliza, "¿Ya desayunaste?"

"Ya desayuné," nikamjibu.

"Taratibu, Prisca," akasema. "Usije ukaumia."

Mama Riziki aliingia darasani wiki iliyofuata. Alikuwa mwanafunzi mgumu, nawaambia ukweli. Jinsia za maneno zilimshinda, namba alizisahau. Ila kila kadi iliyokuwa na kitenzi "llegar" alitaka aibane yeye, na kabla hajaibana aliniuliza mbele ya wote, "Mama Mwalimu, na hii ni ya Salamanca ama ni ya kwa bwana yangu?" Darasa likivunjika mbavu. Nilistahili. Alidumu nami karibu miaka miwili, Jumamosi kwa Jumamosi, na hata siku moja hakunikumbusha lile godoro, wala mimi sikuthubutu.

Mwisho wa mwaka 2019 nikastaafu. Mlinipa saa ya ukutani na keki, nawashukuru, saa inawahi dakika sita. Mwezi huo huo karatasi za Mama Riziki na bintiye zikawa zimekamilika. Walikuja kuniaga nyumbani. Riziki alikuwa amerefuka, ananiambia "Mwalimu" bila kulazimishwa. Njia ilikuwa ile ile, ndege hadi São Paulo, basi siku mbili, mpaka ule ule. Niliwapa mkate wa njiani na chaja mbili za simu.

Siku ya kwanza sikupata habari. Siku ya pili nilifua mapazia ambayo yalikuwa safi. Siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo, simu ikalia kwenye meza. Nilijifuta mikono kidole kimoja kimoja. Alikuwa ameniandikia Mama Riziki, kwa Kihispania, peke yake, neno moja tu lisilo na sentensi iliyotangulia wala inayofuata:

"Llegamos."

Kitenzi cha -ar, nafsi ya sisi. Tunafika, au tulifika, au tumefika. Don Anselmo angenirudisha nje nikabishe hodi. Mimi nilikaa jikoni na povu mkononi, nikaliangalia lile neno mpaka macho yakajaa.

Sikumpigia simu Graciela. Sikumwuliza mtu.

"Karibuni," nikawaandikia.